Boma la Ghorofa ya Tatu

Ukoo wake sitausimulia. Yeye mwenyewe aliusimulia vya kutosha, kila Jumapili baada ya kanisa, akianzia kwa babu aliyeshuka mlimani na mbwa na ngoma, na hakuna aliyewahi kufika naye mpaka mwisho kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Itoshe kusema kwamba alikuwa dada wa mwami, yaani mfalme wa milima fulani ya Kivu, kwamba vita vilimtoa huko, na kwamba miaka ile ya mwisho ya tisini aliishi Umbilo, Durban, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake iliharibika kabla sisi sote hatujafika Afrika Kusini. Tulimwita Mwamikazi. Kama alikuwa na jina lingine, sikumjua mtu aliyethubutu kuliuliza.

Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma katika fleti hiyohiyo. Natoka Kigoma, kwa hiyo Kiswahili cha Wakongo kilikuwa masikioni mwangu tangu utoto. Mchana nilifanya kazi kwenye duka la simu pale Umbilo Road, ambako wakimbizi walikuja kupiga simu nyumbani ndani ya vibanda vya mbao nyembamba. Mwamikazi aliniita "mutoto wa Kigoma", na nadhani kwa muda mrefu aliamini kwamba Kigoma ni kijiji cha kaka yake.

Sebule yetu ilikuwa na kiti kimoja cha mikono, sofa moja na makreti ya soda. Kabla hajahamia kwetu, watu walikaa popote palipokuwa wazi. Alipohamia, sebule ikawa boma. Kiti cha mikono kilikuwa chake. Sofa ilikuwa ya wanaume waliokuwa na vyeo kule nyumbani, au waliodai kuwa navyo. Makreti yalikuwa ya wafanyabiashara na watu wenye ndoa, na sakafu ilikuwa ya vijana. Mimi, kwa kuwa ni mgeni nisiye na cheo wala kabila la milimani, nilipewa mlango: nilikuwa na ruhusa ya kusimama mlangoni, na ruhusa ya kutosimama.

Sofa ile ilikuwa na springi iliyokatika, upande uleule ulio karibu na kiti chake. Kwa hiyo mahali pa heshima kuliko pote ndipo palipochoma. Hapo alikaa bwana mmoja tuliyemwita Protokole, yaani itifaki kwa Kifaransa chao. Kule nyumbani alikuwa karani wa boma. Durban alilinda magari kwenye maegesho ya maduka ya Overport, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Jioni alikivua akiwa ngazini, akakikunja na kukitia kwenye mfuko wa plastiki, akavaa koti, ndipo akagonga mlango. Alikaa juu ya springi saa nzima bila kukunja uso, na mtu mwingine alipojaribu siku moja kumpisha sehemu laini ya sofa, alimtazama kama mtu aliyekuja kumpindua cheoni.

Mke wa fundi cherehani mmoja, ambaye alikuwa wa kreti, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba amemwona Protokole Overport akiwaelekeza wazungu namna ya kurudisha gari nyuma. Mwamikazi aliweka kikombe chini taratibu.

"Alikuwa anakagua," alisema.

Jambo likaishia hapo. Tangu siku ile, Protokole alipoondoka asubuhi, watu walisema amekwenda kukagua.

Kutoka nje na Mwamikazi ilikuwa safari. Protokole alishuka ngazi mbele yake, akikohoa kwa nguvu kila kona ili watu wapishe. Wapangaji wa ghorofa ya pili walidhani anaumwa kifua na wakamletea majani ya kuchemsha. Barabarani Mwamikazi alikataa kabisa kusimama kwenye roboti, kama wanavyoziita taa za magari kule. Taa ikiwa nyekundu kwake, yeye alivuka Umbilo Road kwa mwendo wake, polepole, kitenge kikifagia lami. Teksi zilifunga breki, madereva wakapiga honi, wakatoa vichwa madirishani na kumwambia mambo kwa Kizulu ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Yeye aliinua kiganja akawapungia.

"Batu ya hapa bako na heshima," alimwambia Protokole siku ya kwanza. "Ila banasalimia kwa kelele."

Alikuwa na misemo, na misemo yake yote ilikuwa na faida kwake. "Asiyengojwa hajafika," alisema akichelewa, na hakuna siku ambayo hakuchelewa. "Mkubwa haombi, anawakumbusha tu." Alikukumbusha chumvi, alikukumbusha mafuta ya kupaka, alikukumbusha kwamba koti lako lingemfaa mtu mwenye mabega mapana. Hakusema asante hata mara moja. Watu wa boma, alinieleza, hawashukuru, wanapokea.

Wala haikuruhusiwa kumwona akila. Chakula chake kilipelekwa nyuma ya pazia la maua alilolitundika kwenye kona ya sebule. Kule nyumbani, alisema, watu walikaa kimya wakati huo na kutazama chini. Lakini hakuweza kuvumilia upweke. Basi alikula nyuma ya pazia huku anazungumza na sisi sote, anauliza habari, anacheka, anatafuna mfupa, anabisha, na sisi tunalijibu pazia. Ilipofika saa ya ile tamthilia ya jioni kwenye televisheni, inayohusu familia za matajiri, pazia lilifunguka kidogo, kiasi cha jicho moja. Aliwahukumu wote. "Ule mwanamuke amekaa mbele ya baba-mukwe wake. Familia ile itaanguka." Na kweli, baada ya wiki chache ilianguka, na Protokole akatikisa kichwa kama mtu aliyeshuhudia unabii.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kliniki. Nilimsindikiza kwa ajili ya magoti yake. Kwenye benchi alikuwepo mama mzee wa Kizulu, mnyoofu, amevaa ile kofia nyekundu pana ya wanawake walioolewa. Mama mwingine aliyekaa karibu nami aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni wa nyumba ya inkosi, chifu wa huko bara. Nikamweleza Mwamikazi. Alimtazama yule mama. Yule mama akamtazama yeye. Kwa Wazulu mdogo ndiye anayeanza kumsalimu mkubwa, na kwao Mwamikazi ni vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyesalimu. Walikaa bega kwa bega, macho mbele, midomo imefungwa. Muuguzi alipoita, kila mmoja alingoja mwenzake atangulie, maana mkubwa huingia mwisho. Wagonjwa wengine wakaingia, wakatibiwa, wakaenda zao. Kina mama wenye watoto walipita, mlevi mwenye jeraha alipita, mpaka benchi likabaki na hao wawili na mimi, na muuguzi akafunga mlango kwenda kula.

Nilitegemea atakuwa na hasira. Njiani alikuwa anatabasamu.

"Leo nimekutana na mutu," alisema.

Nisije nikamchora kama kichekesho kitupu. Baridi moja ya Julai aliletwa kwetu mwanamke kutoka Uvira aliyekuwa ametembea na kupanda malori miezi mingi, na mtoto mgongoni. Nilirudi kazini nikakuta blanketi langu halipo.

"Tumempa," alisema Mwamikazi. Alipenda sana hiyo *tu*, hasa kitu kilipokuwa cha mwingine.

Nilikasirika, nikalala na nguo zote. Asubuhi nilipoingia sebuleni mapema kuchukua birika, nilimwona amelala kwenye kiti cha mikono, amejifunika koti la Protokole. Blanketi lake lilikuwa limetoka kabla ya langu. Hakulitaja, na mimi nilijua kwamba ningelitaja angeona nimemvunjia heshima.

Basi ndivyo tulivyoishi, mpaka ilipokuja ile simu.

Ilikuja dukani kwangu asubuhi, kutoka mji mmoja wa kando ya ziwa. Wazee wa milima walikuwa wanamtafuta Mwamikazi. Nilimtuma mtu amwite, naye akaja kwa mwendo wake wa kungojwa, mpaka laini ikawa karibu kukatika. Alisikiliza muda mrefu. Kaka yake, mwami, alikuwa amefia ukimbizini. Wazee walikuwa wamemchagua mwanawe mmoja, kijana wa sekondari, lakini mwami hawi mwami mpaka shangazi yake amtamkie maneno ya kumsimika. Na kati ya mashangazi wote aliyebaki hai ni yeye. Arudi haraka.

Vita vilikuwa vimewaka tena kule. Hilo wazee hawakulitaja, na sebule yetu haikulitaja pia. Jioni ile sofa ilijaa kuliko siku zote. Mabwana waligawana serikali. Protokole alithibitishwa katika protokole. Fundi cherehani alitolewa kwenye kreti akapewa mavazi ya boma. Mmoja alipewa ng'ombe, ingawa tulijua kwamba ng'ombe wale walikwisha kuliwa na majeshi mawili yanayopigana. Waligombana kwa heshima zote juu ya nani atapewa nyumba iliyo karibu na chemchemi. Kati yao hakuna aliyesema atapanda lini lori la kurudi. Walikubaliana tu kwamba Mwamikazi atangulie, wao watafuata mambo yakitulia.

Nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza, Mwamikazi alikula kimya.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya paa la jengo naanika nguo. Kule juu kulikuwa na kamba za kuanikia na matanki ya maji, na uliweza kuona moshi wa viwanda vya Jacobs upande wa kusini. Mwamikazi hakuwahi kupanda huko. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu ya magoti. Alishika ukingo, akapumzika, halafu akaanza kunipa vibanio, kimoja kimoja, kama amefanya hivyo maisha yake yote.

"Unajua nini inafanyika kwa shangazi, akiisha kusema yale maneno?" aliniuliza.

Nikasema sijui.

"Anaingia mu nyumba ya nyuma ya boma. Maneno iko ndani yake, haitakiwi itembee. Hatoki mu uzio tena mpaka mwami afe." Alinipa kibanio kingine. "Shangazi zetu walikuwa wamekufa, basi miye nilisema ile maneno kwa kaka yangu. Nilikuwa na mutoto wa kike, bado ananyonya."

"Akaingia nawe?"

"Hapana. Alilelewa inje. Siku za sikukuu walimuleta. Alipiga magoti, akanisalimia kama raia, akapewa ndizi, akaenda." Alikifungua na kukifunga kibanio. "Soko ilikuwa chini ya uzio. Kila juma niliisikia. Sikuiona hata siku moja. Nilijua sauti ya mwanamuke wa chumvi, nilijua sauti ya mwanamuke wa samaki wakavu. Uso wao, hapana."

Nikamuuliza alitokaje.

"Maaskari walichoma uzio. Wenzangu walilia. Miye nilitoka, nikashuka moja kwa moja ku soko." Alitazama chini, Umbilo Road. "Haikuwa na mutu."

Niliendelea kuanika, yeye akaendelea kunipa vibanio mpaka vikaisha. Kisha aliniambia nisimwachie Protokole anunue tiketi yoyote, na akaanza kushuka.

Jumapili aliwakusanya. Mchungaji alikuwa amekuja na sala ya safari. Mwamikazi alingoja watu wote wakae kwa daraja zao, akasema hatarudi, na maneno yatakwenda kwa simu.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Protokole, na namheshimu kwa hilo, maana alilazimika kuinuka kutoka juu ya springi ili aseme.

"Mwamikazi, desturi haiko vile."

"Desturi inasema nini?"

"Maneno itoke mu mdomo ya shangazi."

"Itatoka. Desturi ilisema mdomo ikuwe wapi?"

Protokole alifikiri. Alikuwa karani mwaminifu, na kweli desturi haikusema. Zaidi ya hapo, ni yeye mwenyewe aliyewafundisha wote kwamba neno la Mwamikazi halijibiwi. Alikaa. Mchungaji akaikunja sala yake.

Kwa hiyo mwami wa milima ile alisimikwa Jumamosi mchana, katika kibanda cha pili kushoto, kati ya tangazo la kadi za simu na ndoo ya kudekia. Kwa kuwa yale maneno hayasikiwi na watu wa kawaida, Protokole aliwatoa wateja wote wakasimame nje, akajisimamisha mlangoni na kuipa barabara uso. Mimi tu nilibaki, maana mtu wa kuangalia mashine ni lazima awepo, na pia, nadhani, kwa sababu mtu wa Kigoma hahesabiki. Kulikuwa na Mtanzania mwenzangu, muuza viatu, aliyetaka kupiga Dar haraka.

"Subiri kidogo, ndugu yangu," nilimwambia mlangoni. "Mfalme anatawazwa."

Alichungulia kibandani. "Eish," alisema. "Sharp, sawa. Nitarudi."

Mwamikazi alishika simu kwa mikono miwili na kuanza. Ilikuwa lugha ya zamani ya boma, sikuelewa hata neno moja. Sauti yake haikuwa ile ya sebuleni, ya kukumbusha watu chumvi. Ilikuwa ya chini, sawasawa, haipandi wala haishuki, na mbao za kibanda zilitetemeka nayo. Katikati laini ikakatika. Alibaki ameshika simu, amefumba macho. Nilipiga tena, nikiwaza kwamba kuna nchi mahali fulani yenye nusu mfalme. Ilipopokelewa alianza upya tangu neno la kwanza, na safari hii alifika mwisho.

Halafu hakukata. Nilidhani anasikiliza pumzi ya kijana upande wa pili.

"Umekula?" alimuuliza kwa Kiswahili.

Sikusikia jibu. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama vile kijana anamwona.

"Kula," alisema. "Na uzio, usijenge mrefu."

Akarudisha simu mahali pake, akatoka bila kunitazama. Nje watu wa foleni, waliokuwa wamesimama juani bila kujua kwa nini, walimpisha.

Baada ya hapo boma letu lilinyauka. Mabwana wa sofa waligundua kwamba vyeo vimeshagawiwa upya kule milimani, na wagawaji walikuwa watu waliokuwepo. Mmoja aliacha kuja, wa pili akahamia Johannesburg, fundi cherehani akarudi kreti kisha akaacha hata kreti. Protokole peke yake aliendelea kukohoa ngazini. Asubuhi moja tulikuta pazia limekunjwa vizuri juu ya kiti cha mikono na Mwamikazi hayupo. Watu walieneza habari. Wengine walisema amechukuliwa Kanada, na mchungaji alitangaza kanisani kwamba jumba moja kubwa la kifalme la Wazulu limempokea. Protokole alisema amekwenda kukagua, lakini alisema akitazama sakafu.

Ulipita kama mwaka. Mwenye duka letu alinituma Jacobs kuchukua geti la chuma kwa mchomeleaji. Geti halikuwa tayari, nikatembea kidogo nikingoja, na kwenye ukuta wa kiwanda kimoja cha mablanketi nikakuta wanawake wamekaa kivulini wakati wa mapumziko, wenye ovaroli za buluu na vyandarua vya nywele. Mmoja alikuwa amesimama katikati yao akisimulia kwa Kizulu kibovu kuliko changu. Aliigiza mtu anayetembea amenyoosha shingo, kisha mtu anayekunja uso juu ya benchi. Wenzake walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Ilinichukua muda kumtambua.

Aliniona. Nilisimama nilipokuwa, sikujua nipige magoti au nijifanye sijamwona.

"Mutoto wa Kigoma," aliita. "Njoo. Usisimame kama mlango."

Aliwaambia wenzake kwamba mimi ni mtoto wake, wakanisogelea wakanisalimu, wao kwanza. Nilimuuliza alifikaje pale. Alisema yule mama aliyekuwa akifagia ngazi za jengo letu ana dada hapa, na siku moja yeye mwenyewe alimwuliza tu kama kuna kazi, kama watu wanavyoulizana. Kazi yake ni kukunja. Alinionyesha vidole vyake, vilikuwa vimechanika kwenye ncha kwa sababu ya sufu. Nilimuuliza kama anachoka.

"Sana," alisema, na alisema kwa kiburi kilekile alichokuwa akisimulia nacho babu zake.

Nilimpa habari za kijana. Dukani watu walisema bado yu hai, amesimikwa, yuko mjini kando ya ziwa anamaliza shule. Alisikiliza habari hiyo mara mbili. Aliniuliza kama nilisikia lolote kuhusu mwanamke fulani, wa umri wangu, huko chini ya milima. Alinitajia jina, la kwanza nililowahi kusikia likitoka kinywani mwake lisilo la babu. Nikasema hapana. Akasema niendelee kuuliza wanaopiga simu, na nikaahidi.

King'ora kikalia. Wanawake walikung'uta ovaroli zao. Aliinuka kwa kushika bega la mwenzake, akanyoosha mgongo, na kwa kitambo kidogo akawa yeye yule wa kiti cha mikono.

"Protokole yuko wapi?"

"Bado Overport."

"Ku kufunga paketi kunatakiwa mwanaume. Mwambie aje siku ya kwanza ya juma, asubuhi, aulize Gogo wa kukunja, maana hapa bananiita Gogo, bibi. Avae viatu ya kufunika vidole, bila hiyo msimamizi hatamuingiza."

Jioni nilimpelekea ujumbe. Alinisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika mfuko wa plastiki. Aliniuliza kama Mwamikazi ndiye aliyemtaja, yeye mwenyewe, kwa cheo chake. Nikamwambia ndiyo. Akatazama vidole vyake vilivyotokeza kwenye ndara, akaniuliza yule Mtanzania muuza viatu hufunga duka saa ngapi.